Sarafu za fedha za ukumbusho: mwongozo kwa mkusanyaji anayeanzia Malindi

Malindi sarafu za kigeni zimejaa majumbani. Maduka ya kubadilisha pesa huchukua noti tu, kwa hivyo kila mhudumu wa hoteli, kila dereva wa tuktuk na kila kijana wa ufuoni aliyewahi kupewa bahashishi ya chuma ana kopo lake mahali. Waliofanya kazi kwenye nyumba za Wataliano enzi za lira wana zaidi, maana bosi akirudi kwao humwachia mtu droo nzima. Ongeza na yale masanduku ya mabibi yenye rupia zilizofungwa kwenye pindo la leso, na utaona kwamba kazi kubwa ya mkusanyaji hapa ni kuchagua.

Sehemu kubwa ya vilivyomo humo ni shaba na nikeli isiyo na thamani yoyote. Chache ni za madini ya fedha. Na katika hizo za fedha, chache zaidi ni za ukumbusho, yaani zilizotolewa na serikali kuadhimisha tukio au mtu. Sarafu ya ukumbusho ina thamani iliyoandikwa juu yake, na kwa sheria ya nchi yake ni pesa, ila ni nadra mtu kuipeleka sokoni kununulia nyanya. Medali ni kitu kingine: haina thamani iliyoandikwa, na hata ikiwa ya fedha safi mara nyingi huuzwa kwa uzito wake tu.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba sarafu hizi zina bei mbili. Kuna bei ya madini, ambayo unaweza kuikokotoa mwenyewe mezani kwako. Halafu kuna bei ya kumbukumbu, ile inayolipwa juu ya madini kwa sababu kuna mtu mahali fulani anaitaka sarafu hiyo hasa. Ya kwanza ina uhakika, ya pili haina. Anayezichanganya hupunjwa akinunua na hupunjwa akiuza.

Kwanza: chagua hadithi moja

Anayenunua kila kinachong'aa huishia na kopo jingine kama lile la mhudumu wa hoteli. Chukua mada moja, ndogo, unayoweza kuizungumzia bila kusoma popote. Malindi ina bahati ya mada.

Iliyo wazi kabisa ni Vasco da Gama. Alifika hapa Aprili 1498, na msalaba wake bado umesimama pale kwenye rasi, watalii wakipiga picha. Ureno imempigia sarafu za fedha zaidi ya mara moja. Mwaka 1898, miaka 400 baada ya safari, zilitoka za reis 200, 500 na 1000, upande mmoja zikiwa na vichwa vya mfalme Carlos I na malkia Amélia, upande wa pili msalaba. Ile ya reis 1000 ina gramu 25, na fedha yake ni sehemu 917 katika 1000. Mwaka 1969, kuadhimisha miaka 500 ya kuzaliwa kwake, ikatoka ya escudo 50 yenye gramu 18 na fedha ya 650. Hii ya pili ni rahisi kuipata na bei yake haiumizi, basi anza nayo. Kama humpendi Mreno huyo (na kuna sababu za kutompenda), mkusanyiko wa sarafu hauna maana ya kumsifu. Unaweza kuupanga uonyeshe walivyojisifu wao.

Mada ninayoipenda zaidi mimi ni twiga. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme Yongle wa China twiga, na wakuu wa kule wakamchukua kuwa mnyama wa baraka. Sasa, mwaka 1974 Tanzania ilitoa sarafu za kuhimiza uhifadhi wa wanyama: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru, na ya dhahabu ya shilingi 1500 yenye duma. Ile ya twiga ndiyo ya kutafuta, na nitairudia hapo chini kwa sababu ina mtego.

Waumini wa Kikatoliki wana seti ya Uganda ya 1969, ya fedha, vipande sita, iliyoadhimisha ziara ya Papa Paulo VI. Ukiipata, ipate ikiwa kamili. Kipande kimoja kilichotoka kwenye seti hushuka bei sana.

Na za kwetu Kenya? Zile za 1966 za kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya Mzee Jomo Kenyatta ni za dhahabu, za shilingi 100, 250 na 500, kwa hivyo zimeruka mfuko wa anayeanza. Ile ya shilingi 40 yenye sura ya Kibaki, ya 2003, ya miaka 40 ya uhuru, wengi huitunza wakidhani ina fedha. Haina. Itunze kwa sababu nyingine: Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na ndiyo maana zile za 2018 zina wanyama. Mlango wa sarafu za sura za marais umefungwa.

Pili: soma mwaka kabla ya picha

Muuzaji atakuonyesha picha. Wewe tazama mwaka. Nchi nyingi ziliacha kutia fedha kwenye sarafu za kawaida kwa tarehe zinazojulikana, na ukizikariri utaweza kupembua kopo zima ukiwa umesimama mlangoni.

- Uingereza: kabla ya 1920 fedha ni 925, 1920 hadi 1946 ni 500, tangu 1947 hakuna, isipokuwa matoleo maalumu ya kuuzia wakusanyaji.
- Italia: lira 500 zenye merikebu tatu, kuanzia 1958, ni fedha ya 835. Lira 500 zenye rangi mbili, zilizoanza 1982, hazina fedha.
- Ujerumani: mark 5 za kawaida hadi 1974, na mark 10 za Olimpiki ya Munich ya 1972, ni fedha ya 625.
- Marekani: senti 10, robo dola na nusu dola za 1964 kurudi nyuma ni 900. Nusu dola za 1965 hadi 1970 ni 400.
- Afrika Mashariki: shilingi yenye simba na milima ni fedha ya 250 hadi 1946, kuanzia 1948 ni shaba na nikeli.
- India: rupia ya zamani ni 917, kuanzia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikashushwa hadi 500, na 1947 ikawa nikeli.

Za kujihadhari nazo hapa pwani ni zile sarafu kubwa za Kiingereza zenye sura ya Churchill, za 1965, au ya Charles na Diana, za 1981. Ni kubwa, nzito, zimewekwa kwenye kibweta cha buluu, na zilitolewa kwa mamilioni. Nikeli na shaba. Ile ya 1981 ilitoka pia kwa fedha ya 925, gramu 28.28, lakini hiyo iliuzwa kwa bei yake ikiwa na kasha na cheti. Haikuachwa mezani kama bahashishi.

Zile lira 500 za merikebu nazo usizipindue-pindue ukitafuta mwaka usoni. Mwaka umeandikwa ukingoni, kwa herufi zilizoinuka. Ishike kwa vidole viwili, izungushe polepole chini ya taa, utausoma. Kuna zisizo na merikebu, nazo ndizo za ukumbusho hasa, kama ya 1961, miaka 100 ya muungano wa Italia, na ya 1965, miaka 700 ya kuzaliwa kwa mshairi Dante.

Tatu: sumaku, mizani, maji

Anza na sumaku kwa sababu ni bure. Fedha haivutwi. Ikinasa, rudisha. Isiponasa hujajua kitu bado, maana shaba, risasi na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazinasi.

Kisha mizani. Nunua ile ndogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ya masonara. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo. Lira 500 ikisoma 10.93 badala ya 11 usishtuke. Ikisoma 9.8, au ikazidi 11.2, shtuka.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni maji. Weka glasi ya maji ya kunywa juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe mizani irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa cherehani, izamishe yote ndani ya maji, lakini isiguse chini wala ubavu wa glasi. Mkono usitetemeke, egemeza kiwiko mezani. Ukiona viputo vimeng'ang'ania sarafu, itikise kidogo vitoke, la sivyo hesabu itakudanganya. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawa uzito wa sarafu ikiwa kavu kwa namba hiyo.

Chukua lira 500 ile ile. Gramu 11. Ndani ya maji mizani inasoma 1.08. Gawa: 10.2 hivi, na ndiyo inavyopasa kuwa kwa fedha ya 835. Ikiwa ni nikeli na shaba mizani ingesoma karibu 1.24, na jibu lingekuwa 8.9. Tofauti ya 0.16 inaonekana ndogo, lakini mizani ya mia ya gramu inaiona vizuri. Kwa kukumbuka: fedha ya 917 au 925 hutoa jibu la 10.3 na kitu. Ya 625 hutoa 9.9 kasoro, ya 500 hutoa 9.7 kasoro; na ile shilingi ya simba ya 250 hutoa 9.3.

Baada ya hapo ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini cha pamba. Usisugue. Na kama sarafu imefungwa ndani ya kapsuli ya kiwandani usiifungue kwa ajili ya kipimo hiki. Utakuwa umeharibu elfu kwa kutafuta uhakika wa mia.

Bandia za kumimina kwenye kalibu hujitambulisha kwa kioo cha kukuzia: vishimo vidogo kwenye uwanja (ile sehemu bapa isiyo na picha), herufi zenye mabega ya mviringo, na wakati mwingine mstari unaozunguka ukingo mahali vipande viwili vilipokutana.

Nne: piga hesabu ya madini

Fedha duniani huuzwa kwa wakia ya sonara, gramu 31.1, kwa dola. Tafuta bei ya leo kwenye simu, zidisha kwa bei ya dola kwa shilingi, gawa kwa 31.1. Umepata bei ya gramu moja ya fedha safi.

Tuseme, kwa hesabu tu, wakia ni dola 40 na dola ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 5,200 kwa wakia, au 167 kwa gramu. Lira 500 ina gramu 11 mara 0.835, yaani 9.19 za fedha safi: karibu shilingi 1,530. Mark 10 ya Munich ina gramu 15.5 mara 0.625, yaani 9.69: kama 1,620. Reis 1000 ya Vasco da Gama, gramu 25 mara 0.917: zaidi kidogo ya 3,800. Na shilingi ya simba, hata ikipendeza vipi, ina gramu 1.94 tu za fedha: 320 hivi. Bei ya fedha hupanda na kushuka sana, kwa hivyo fanya hesabu upya kila unapotoka kwenda kununua. Mwenye bei ya mwezi jana kichwani ni mteja mzuri wa mtu mwingine.

Namba hii ndiyo sakafu. Sonara atakulipa chini yake, maana naye ana gharama ya kuyeyusha na faida yake. Mkusanyaji atakulipa juu yake akitaka.

Tano: kinachopandisha bei juu ya madini

Watu hudhani ni umri. Umri peke yake hausaidii. Riale ya Maria Theresa imeandikwa 1780, na huku pwani imepita mikono mingi sana. Lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo wa 1780 hadi karne ya 20, Vienna, London, Roma, Bombay na kwingineko. Zipo tele. Nyingi bei yake ni madini na kitu kidogo juu.

Kinachotazamwa kwanza ni zimebaki ngapi, na hapo usisome tu zilipigwa ngapi. Rupia ya India ya 1911 ni mfano mtamu. Mfalme George V alivaa joho lenye nembo ya tembo, lakini mchongaji alimfanya tembo yule mkonga mfupi, miguu mifupi, watu wakaona nguruwe. Waislamu wakaikataa, serikali ikairudisha, sehemu kubwa ikayeyushwa, na mwaka uliofuata tembo akachongwa upya akiwa tembo. Mamilioni yalipigwa, kidogo kikabaki. Ukikuta rupia ya George V kwenye sanduku la bibi yako, soma mwaka kabla hujaipeleka popote.

Lakini kisa kizuri hakitoshi. Mark 10 za kwanza za Munich ziliandikwa kwamba michezo ni ya Ujerumani. Ujerumani Mashariki ikalalamika, maandishi yakabadilishwa yakawa ya Munich. Kisa kinapendeza kusimulia, na muuzaji atakisimulia, ila zile za kwanza zilikwisha toka kwa mamilioni na Wajerumani walizihifadhi. Leo bado zinaambaa karibu na bei ya madini. Linganisha na lira 500 ya majaribio ya 1957: bendera za merikebu zinapepea upande usiofaa kwa upepo, na neno PROVA limeandikwa wazi. Zilitoka chache sana. Hiyo ni ya bei ya gari kuukuu, na kwa sababu hiyo huigizwa sana. Akikuletea mtu ufuoni, kumbuka yale ya sehemu ya tatu kuhusu vishimo na mstari wa ukingo.

Kingine ni hali. Wakusanyaji hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na 70 ni sarafu isiyo na doa hata ukiitazama kwa kioo. Huna haja ya kukariri namba zote. Jifunze kutazama sehemu zilizoinuka: kwenye lira 500 ni shavu na nywele za mwanamke aliye upande wa pili wa merikebu, kwenye shilingi ya simba ni manyoya ya shingo na bega. Hapo ndipo pa kwanza kulika. Kisha iinamishe sarafu chini ya taa, mwanga uteleze juu yake. Mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, maana yake ilisuguliwa. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza bei ya kumbukumbu karibu yote, hata iking'aa kuliko mwezi wa kumi na nne.

Halafu namna ilivyopigwa. Matoleo ya ukumbusho mara nyingi huja kwa sura mbili: ya kawaida, na ya prufu, iliyopigwa kwa vyuma vilivyong'arishwa hadi uwanja ukawa kioo na picha ikawa na ukungu mweupe. Hapa ndipo mtego wa twiga ulipo. Shilingi 25 ya Tanzania ya 1974 ya kawaida ina gramu 25 na kitu, fedha ya 500. Ya prufu ina gramu 28.28, fedha ya 925. Picha ni ile ile, mwaka ule ule, sura ya Mwalimu ile ile. Ya prufu ina fedha safi maradufu ya mwenzake. Muuzaji asiyejua atakuuzia yoyote kwa bei moja. Anayejua atajaribu kukuuzia ya 500 kwa bei ya 925. Mizani yako inajibu kabla hajamaliza sentensi.

Kasha la asili na cheti vinasaidia, hasa kwa matoleo ya baada ya 1970. Ila nunua sarafu, usinunue karatasi. Yale matoleo mapya yanayotangazwa kwamba ni ya idadi maalumu na dhahabu imepakwa juu, yenye simba, Mlima Kilimanjaro au mtu mashuhuri, huuzwa mara mbili au tatu ya madini siku ya kwanza. Siku ya kuyauza wewe, utapewa bei ya madini. Idadi maalumu bila watu wanaoitaka ni namba tu.

Sita: pa kununulia

Rafiki wa kwanza wa mkusanyaji ni sonara. Sarafu za fedha za pwani zimeishia kwake kwa vizazi: rupia na riale zimeyeyushwa zikawa vikuku, pete na vifuko vya hirizi. Yeye hupima gramu, haangalii mwaka. Mazungumzo ni ya kawaida:

"Shikamoo, ami. Hizi ukizipata unazipeleka motoni?"

"Marahaba, mwanangu. Fedha si fedha tu? Nifanyeje nazo?"

"Nakuomba uniwekee kando kabla. Nitakupa bei yako ya gramu, na juu yake kidogo ya usumbufu."

Kama ataona unarudi kweli na unalipa palepale, atakuwekea. Usimpige bei chini kwa shilingi hamsini, maana mara ijayo ataziyeyusha. Na ukiona kitu chenye thamani kubwa kuliko anavyodhani, mwambie na mgawane. Mji huu mdogo, habari hufika Watamu kabla hujavuka barabara.

Majumbani ni adabu zaidi kuliko pesa. Usimfuate mjane wiki ya msiba. Mtu akikuletea sarafu za marehemu, mwandikie kila moja na bei yake ya madini kwenye karatasi, aende nayo akaulize kwingine. Wengi watarudi.

Mtandaoni kuna uchaguzi mkubwa na hatari kubwa. Dai picha za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani. Tazama bei zilizolipwa kwenye minada iliyokwisha, sio bei ambazo wauzaji wanaomba. Mtu yuko huru kuomba milioni. Jumlisha usafirishaji na ushuru kabla ya kusema ni rahisi. Pesa ya simu ikishatoka kwa mtu usiyemjua, hesabu imekwenda.

Saba: kumbuka 1895

Hii wengi huiruka, na ndiyo inayoweza kukupeleka mahakamani. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kufanya biashara ya vitu hivyo kunataka leseni, kuvitoa nje ya nchi kunataka kibali, na ukichimbua kitu cha namna hiyo unapaswa kuwaarifu Makumbusho ya Taifa.

Malindi hili si la nadharia. Mwaka 2010, pale Mambrui, wataalamu wa China na Kenya walifukua sarafu ya mfalme Yongle, ya mwanzoni mwa karne ya 15, yule yule aliyepelekewa twiga. Sarafu ile ilieleza jambo kubwa kwa sababu walijua ilikuwa kwenye tabaka gani la udongo na karibu na nini. Ingeng'olewa na mtu mwenye kifaa cha kutafutia chuma ikauzwa hotelini, ingekuwa kipande cha madini chenye tundu. Kwa hivyo Gede, Mambrui na magofu mengine yote: usichimbe, usinunue kwa aliyechimba.

Rupia ya Mombasa ya 1888, ya ile kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani, inaangukia ndani ya tarehe hiyo. Riale ya Maria Theresa inategemea iliingia nchini lini, na mwaka ulioandikwa juu yake hausaidii. Vasco da Gama ya 1898 imeukwepa mpaka kwa miaka mitatu. Ukiwa na shaka, nenda ofisi ya Makumbusho ya Taifa ukaulize. Kuuliza si kosa.

Nane: hewa ya bahari

Fedha huingia weusi kwa salfa, na chumvi ya bahari na unyevu huzidisha mambo. Wakati wa kusi madirisha yakiwa wazi, sarafu iliyo mezani hubadilika rangi upesi.

Usiisafishe. Si kwa ndimu na majivu, si kwa ukwaju, si kwa dawa ya meno, hata kama ndivyo bibi alivyong'arisha vikuku vyake. Weusi uliokaa sawasawa, wenye buluu na zambarau ukingoni, baadhi ya wakusanyaji huulipia zaidi. Kinachofaa kuondolewa ni ule utelezi wa kijani unaotokana na plastiki laini, ile ya albamu za bei nafuu. Huo hutolewa kwa kutumbukiza sarafu kwenye asetoni halisi, bila kusugua, mbali na moto na dirisha likiwa wazi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato haifai, ina mafuta.

Weka kila sarafu kwenye kapsuli ngumu au bahasha ya plastiki isiyonuka. Zipange kwenye kopo linalofunga vizuri, utie vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Vianike juani kila baada ya miezi michache au weka vipya. Mpira wa kufungia pesa una salfa, usiuweke humo. Gazeti, sufu na mbao mbichi zenye vanishi navyo viepuke. Shika sarafu kwa ukingo, vidole vikiwa vikavu. Alama ya kidole hutokeza baada ya miezi na haitoki.

Tisa: daftari, kisha kuuza

Andika kila sarafu siku unayoinunua: nchi, mwaka, uzito ulioupima, jibu la maji, ulinunua wapi, kwa kiasi gani, na bei ya fedha siku hiyo. Piga picha pande zote. Mnunuzi akiona historia hiyo hulipa kwa moyo mwepesi, na ukifa warithi wako hawatakwenda kwa sonara na kopo zima.

Ukitaka kuuza, tenganisha mafungu mawili. Zile ambazo bei yake ni madini tu, mark za Munich na lira 500 za kawaida, uza kwa uzito bei ya fedha ikipanda, bila kuzilia. Zile zenye bei ya kumbukumbu, usiziuze kwa gramu wala kwa haraka. Mtafute mtu wa mada hiyo. Mreno atalipia reis 1000 ya 1898 zaidi ya mtu yeyote wa hapa, na mkusanyaji wa sarafu za wanyama aliyeko Ujerumani atataka ile ya twiga ya prufu. Mtumie uzito na picha za ukingo kabla hajaziomba, na sema bei yako ya mwisho mara moja.